Mafua ya Wiki ya Ruracio

Pale Mugutha, ukitaka mtu wa kusimama mbele ya wakwe na kuongea mpaka wakwe wenyewe waombe maji ya kunywa, ulimtafuta Zacharia Ngigi. Alikuwa na ng'ombe wa maziwa, kishamba cha parachichi nyuma ya nyumba, na sauti. Ng'ombe na parachichi hata majirani walikuwa nazo, lakini sauti ile hakuna aliyekuwa nayo. Ikifika ruracio, siku ambayo upande wa kijana huja kuzungumzia mahari, jamaa za msichana walikuja kumwazima Zacharia kama watu wanavyoazimana hema. Walimkalisha katikati akiwa na koti lake la kijivu, naye akaunguruma. Maikrofoni hakuitaka. Wageni aliwazungusha kwa mafumbo, akawarudisha hadi mlangoni, akawaingiza tena, na mwishowe watu wote wakala wakiwa wamechoka na wamefurahi.

Ruracio ya mwezi huu wa Julai, lakini, haikuwa ya kuazimwa. Ilikuwa ya Njambi. Njambi alikuwa binti wa marehemu ndugu yake, na Zacharia ndiye aliyemlea tangu alipokuwa mtoto wa kushikwa mkono kupelekwa shule. Alimwita Baba, na Zacharia hakuwahi kutamani jina jingine. Sasa Njambi alikuwa nesi katika zahanati moja mjini Ruiru, na kijana aliyempenda aliitwa Muthoka, Mkamba wa Kiganjo kule Thika, fundi wa umeme. Zacharia hakuwa na neno baya juu ya Muthoka. Alichokuwa nacho ni donge kifuani, ambalo hakumwambia mtu, na mpango wa kuwahangaisha wakwe siku ya Jumamosi mpaka wajue kwamba Njambi haokotwi njiani.

Jumatatu jioni, akiwa amechuchumaa anakamua, akapiga chafya. Ng'ombe akageuka kumtazama. Akapiga nyingine. Kesho yake koo lilikuwa linamwasha kama amemeza mabua ya mahindi, pua inamtiririka, kichwa kizito. Kulipokucha Jumatano alifungua mdomo amwite mkewe, ukatoka upepo.

Wanja alikuja jikoni akamkuta ameketi kitako cha huzuni, mkono umeshika shingo.

"Ni ile kofia," Wanja alisema. "Nilikuambia hii baridi ya Julai si ya kutoa kofia. Ulienda kwa mazishi kichwa wazi, sasa ona, Baba Gachau."

Zacharia alitikisa kichwa kukataa, akaonyesha kidole bafuni, maana yake ilikuwa ni yale maji baridi aliyoogea stima ilipopotea. Walibishana hivyo, mmoja kwa maneno na mwingine kwa vidole, mpaka Njambi akaingia kutoka zamu ya usiku. Kabla hajavua hata sweta alienda kwenye sinki akanawa mikono kwa sabuni, polepole, katikati ya vidole na juu ya viganja, kisha akavuta kiti.

"Jumapili ulisalimia watu wangapi kanisani, Baba?"

"Wote," Zacharia alijibu kwa mkwaruzo. Alikuwa mzee wa kanisa, na kazi yake ilikuwa kusimama mlangoni ibada ikiisha.

"Na nilikuona unasugua macho wakati wa matangazo. Basi ni hapo. Kofia haina makosa, na maji pia hayana makosa." Njambi aliongea kama anayemwelezea mgonjwa wa kwanza wa asubuhi, bila haraka. "Mafua ni virusi. Mtu akipiga chafya vinaruka, vingine vinabaki kwa mkono wake. Akikusalimia unavichukua, halafu unajishika pua ama jicho, vishaingia. Baridi inachofanya ni kutufungia ndani na madirisha yamefungwa, tukae tunapumuliana."

"Sawa, dawa yake ni gani?" Wanja aliuliza.

"Ya kuyaua hakuna. Mwili wenyewe ndio utayamaliza. Yeye kazi yake ni kupumzika, kunywa vitu vya moto, kusukutua koo na maji vuguvugu ya chumvi, na kunyamaza. Hata kunong'ona asinong'one sana, kunachosha koo kuliko kuongea polepole."

Zacharia alihesabu siku kwa vidole na kumwonyesha kile cha Jumamosi.

"Mafua huchukua kama wiki moja, na kikohozi kinaweza kukawia zaidi. Jumamosi itakukuta bado unayo," Njambi alisema. Kisha akamtazama vizuri, akaona uso ulivyomshuka, akapunguza sauti. "Lakini ukijitunza utakuwa afadhali. Sitadanganya."

Mzee mwenyewe hakutaka afadhali. Alitaka sauti yake. Kwa hivyo kesho yake, Njambi akiwa kazini na Wanja akiwa ameenda kuchagua sufuria kubwa za kuazima, Zacharia alijifunga shali mpaka masikioni, akashuka mjini Ruiru na kuingia duka la dawa asilolijua, ili pia lisimjue.

Nyuma ya kaunta alikuwepo mama mmoja kijana mwenye miwani, beji imeandikwa Jackie. Zacharia aliinama karibu na kioo.

"Nipatie zile kapsuli za rangi mbili," alisema kwa sauti iliyokuwa ikikatika kama redio mbovu. "Zenye nguvu. Ama nidunge sindano. Niko na ruracio kesho kutwa."

"Pole, mzee. Zile ni za bakteria, na haya yako yanaonekana ni mafua. Hazitayagusa. Zitakuharibia tu tumbo bure, na siku utakapozihitaji kweli zikatae kufanya kazi."

"Lakini kamasi imekuwa njano. Si hiyo ni ishara?"

"Hapana. Mafua yakikomaa kamasi hugeuka hivyo, ni mwili unapigana." Jackie alimuuliza kama ana homa kali, kama kifua kinauma, kama anapumua kwa shida, kama sikio linamsumbua. Zacharia alikataa yote, moja moja. "Ukiona hata moja ya hayo, ama ukianza kupata nafuu halafu ushikwe upya, enda hospitali usingoje. Kuna dawa nyingine unameza saa hii?"

"Ya presha."

"Hapo umefanya vizuri kuniambia." Alikuwa ameshanyoosha mkono kuchukua pakiti ya vidonge vya kufungua pua, akaurudisha. "Hivi vinapandisha presha. Nitakupatia vya kutuliza maumivu peke yake, na maji ya chumvi ya kutia puani. Ukifika nyumbani, limau na asali kwa maji ya moto. Na uache sauti ipumzike."

Zacharia alitoka pale akiwa amesafiri kununua maneno yaleyale aliyoachiwa jikoni bila kutoka nyumbani. Alisimama kando ya barabara akapenga kamasi, akajicheka kidogo, kicheko kikageuka kikohozi. Lakini alipokuwa akirudi alijisikia mwepesi. Watu wawili wasiojuana walikuwa wamemwambia jambo moja, na hakuna aliyemwambia anakufa. Nyumbani alisukutua koo, akalala mchana mzima kama mtoto, kitu ambacho hakuwa amefanya tangu aoe.

Ijumaa habari zilikuwa zimetembea. Jirani wa juu alileta vitunguu saumu. Wa chini alileta mwarobaini uliochemshwa mpaka ukawa mweusi. Mmoja akaja na blanketi na sufuria ya maji yanayotokota ili mzee ajifukize, na Njambi akamshukuru, akaiweka sufuria mbali na magoti ya babake, akamwambia mvuke wa kikombe cha chai unatosha bila kumchoma mtu. Wanja alipika supu ya kuku yenye pilipili. Zacharia alikunywa kila kitu isipokuwa ule mwarobaini, ambao ng'ombe naye aliukataa.

Jioni akafika Gachau, kifungua mimba wao, kutoka Membley, na spika mbili nyuma ya gari.

"Mzee, hii kitu ni rahisi," Gachau alisema. "Wewe unaongea chini, maiki inapandisha."

Walizifunga spika, Zacharia akaishika maikrofoni, akavuta pumzi aseme karibuni. Kilichotoka kwanza ni pumzi yenyewe, kama upepo wa dhoruba. Kikafuata chafya. Chafya ile ilipita juu ya mabati, ikavuka barabara, na mbwa wa mtaa mzima wakaitikia. Wanja alikaa chini kwenye ndoo iliyopinduliwa akacheka mpaka akashika ubavu.

"Basi mimi nitaongea," Gachau akajitolea. Akasimama wima, akafunga kifungo cha shati. "Wageni waheshimiwa, tumekutana hapa leo na ajenda moja, na ningependa tuanze kwa kuthibitisha waliohudhuria."

"Hiyo ni mkutano wa sako ya mikopo," Wanja alisema, na Zacharia akampungia mwanawe mkono akae.

"Utaongea wewe mwenyewe, pole pole," Wanja aliendelea akimgeukia mumewe. "Wanaotaka kusikia watasogea."

Njambi alikubali, lakini kwa masharti. Zacharia angekaa karibu na dirisha, na dirisha liwe wazi. Akitaka kukohoa, akoholee kiwikoni. Na asisalimie mtu kwa mkono.

Hilo la mwisho lilimfanya Zacharia ainuke. "Wakwe waje kwangu nisiwape mkono? Watasema nimewadharau. Watasema ni kwa sababu ni Wakamba."

"Eleza tu."

"Na nini? Sauti sina."

Hawakulimaliza. Njambi alikwenda kupiga pasi nguo yake, na Zacharia akajiambia moyoni kwamba mkono atatoa, liwe liwalo, kisha atanawa.

Jumamosi kulikuwa na ukungu mpaka saa nne, halafu jua likatoka taratibu. Wageni wa Kiganjo walifika wakiimba, wakasimamishwa nje ya geti kama ilivyo desturi, na wanawake wa Mugutha wakawaimbia kutoka ndani, wakikataa kufungua. Zacharia alisimama nyuma ya geti na koti lake la kijivu, pua imepakwa mafuta kwa sababu ya kupengwa sana, akisikia wimbo ambao kwa kawaida angeujibu peke yake akaushinda. Geti likafunguliwa.

Wa kwanza kuingia alikuwa Nzioki, amu yake Muthoka na msemaji wao, jitu la mabega mapana na sauti ya kushindana na trekta. "Wenyeji, hamjambo," alisema, na mkono mbele kama jembe. Mkono wa Zacharia ulishaanza kuinuka wenyewe. Ni mkono ambao kwa miaka umesalimia watu, haukungoja ruhusa.

Ndipo alipoona nani anakuja nyuma ya Nzioki. Nduku, mama yake Muthoka, alikuwa amemshika kiwiko bibi mmoja mkongwe, mwembamba, mwenye fimbo. Bibi alikuwa anavuta pumzi kwa midomo iliyobanwa, hatua moja, pumzi moja. Na alikuwa amekwisha kuiachilia fimbo kwa Nduku ili anyooshe mikono yote miwili, kwa heshima, kumsalimia mwenye boma.

Zacharia aliuangalia mkono wake mwenyewe. Asubuhi hiyo ulikuwa umeshika kitambaa cha kamasi mara ngapi, hakujua. Akaurudisha, akauingiza mfukoni.

Wimbo ulikatika. Mikono ya bibi ilibaki hewani. Nzioki alitazama mkono wake uliotelekezwa, kisha akamtazama Zacharia.

"Kwani sisi tuna nini mikononi?" aliuliza, na hakuwa anatania.

Zacharia alifungua mdomo. Alisema kitu, lakini nyuma yake watoto walikuwa wakikimbizana na mbele yake wageni walikuwa wakinung'unika, na hakuna aliyesikia. Akajaribu tena, koo likamkwama. Maisha yake yote alikuwa hajawahi kukosa neno mbele ya wakwe, na sasa lile moja lililotakikana halikutoka.

Nduku ndiye aliyesogea. Aliinamisha sikio kama mtu anayesikiliza mtoto.

"Nina mafua, mama," Zacharia alisema kwa sauti ya chini, polepole, alivyofundishwa. "Si nyinyi, ni mimi. Mikono yangu ndiyo mibaya. Namwona nyanya anapumua kwa shida. Sitaki nimpatie hii kitu."

Nduku alimtazama kidogo. Kisha akawageukia watu wake na kuwaeleza kwa Kikamba, kwa sauti ya kutosha. Bibi yule, ambaye walimwita Susu Mbinya, Susu kwa Kikamba ikiwa ni nyanya, alisikiliza huku ameinua kichwa, akajibu maneno marefu yaliyokatwakatwa na pumzi, na wageni wakaanza kucheka, mmoja mmoja.

"Anasema mwaka jana alisalimiwa na mkutano mzima kwa sherehe fulani," Nduku alitafsiri. "Akashikwa na mafua, yakashuka kifuani, akalazwa. Anasema wewe ndiye mtu wa kwanza kumnyima mkono kwa kumpenda."

Susu Mbinya akainamisha kichwa kilichofungwa kitambaa cheupe. Zacharia naye akainamisha chake. Nzioki aliubeba mkono wake, akaupitisha kichwani kana kwamba ndiko ulikokuwa unaenda tangu mwanzo, na wimbo ukaanza upya.

Kabla ya wazee kuingia ndani ilibidi Muthoka amtambue mchumba wake. Wasichana walipangwa uani, wamefunikwa leso kuanzia utosini mpaka magotini, wote kimo kimoja, wengine wamevaa viatu vya kubadilishana ili kumpotosha. Akikosea, kungekuwa na faini na aibu. Muthoka alipita mbele yao mara ya kwanza akikuna kidevu. Akapita mara ya pili akiangalia miguu. Mashangazi walimcheka, wakamwambia achague haraka kabla hawajazeeka.

Ndipo chini ya leso moja ikatoka chafya, ndogo, kavu. Na papo hapo, ndani ya leso ileile, kiwiko kikapanda mpaka usawa wa uso, leso ikanyanyuka kama hema linalosimamishwa.

Muthoka hakufikiri tena. Alienda moja kwa moja akashika ncha ya leso. "Huyu," alisema. "Mtu amefunikwa gubigubi na bado anakinga chafya na kiwiko. Ni nani mwingine?"

Leso iliondolewa. Njambi alikuwa na pua nyekundu na macho ya maji, na alikuwa akicheka kwa aibu. Wiki nzima alikuwa amenawa, amefungua madirisha, amewahubiria wote, na mafua yamempata vilevile.

"Umeyatoa wapi?" Muthoka alimuuliza.

"Nilimuuguza Baba," alisema. "Kuna wakati hata ufanye nini, yanakupata. Simama mbali kidogo."

"Nisimame mbali leo?" Muthoka alisema, lakini akasimama hatua moja nyuma, na hilo Zacharia aliliona.

Ndani, wazee walikaa, na Susu akawekewa kiti upande wa pili wa chumba penye jua. Zacharia alikaa dirishani. Nzioki alisimama, akakohoa kusafisha koo, akaanza kwa kishindo alichozoea, na Zacharia akamjibu kwa sauti ya chini. Nzioki akasema tena kwa kishindo. Akajibiwa tena kwa sauti ya chini. Mara ya tatu alijisikia vibaya, kama mtu anayepiga kelele kanisani watu wakiomba. Akapunguza. Akakaa. Kisha akasogeza kiti, maana hakuwa anasikia vizuri, na wengine nao wakasogeza, upande wote wa Kiganjo na upande wote wa Mugutha, isipokuwa Zacharia aliyewaonyesha wasije karibu zaidi ya pale.

Mafumbo yote aliyokuwa ameyapanga Zacharia yalihitaji pumzi asiyokuwa nayo. Mzunguko wa kuwarudisha wageni mlangoni ulihitaji kuunguruma. Kwa hivyo aliacha hayo yote, akauliza alichotaka kujua tangu siku ya kwanza.

"Huyu kijana," alisema, "akikasirika hufanyaje?"

Hilo si swali la ruracio. Nzioki aligeuka kumtazama Nduku.

"Huosha vyombo," Nduku alisema.

"Vyombo?"

"Tangu akiwa mdogo. Akiudhika haongei, anaenda jikoni anasugua sufuria. Ukija kwangu uone sufuria zangu, utajua ameudhika mara ngapi."

Walicheka, lakini chinichini, kwa sababu kila kitu chumbani kilikuwa kimeshuka. Susu Mbinya akaongeza lake, na Nduku akatafsiri: kwamba alipolazwa, Muthoka alikuwa akitoka kazini na ngazi yake begani, anakuja kumwekea mto vizuri na kumnywesha uji, na hakuwahi kusema amechoka. Nzioki naye akasema, bila methali wala madoido, kwamba Kiganjo hawana mali ya kujivunia, ila Njambi hatalala na njaa wala hatapigiwa kelele. Alisema vile akiangalia sakafu, na ilionekana ni maneno ambayo kwa sauti yake ya kawaida asingeweza kuyasema.

Jikoni, wakati huo, kulikuwa na wasiwasi. Kawaida ruracio ya Zacharia ilisikika mpaka kwenye masufuria. Leo hakukusikika kitu.

"Wamekosana," alisema shangazi mmoja, mwiko mkononi. "Wakinyamaza hivyo, wamekosana."

Wanja alichukua birika la chai ambalo hakuna aliyeliomba, akasukuma mlango kwa bega. Alikuta wanaume na wanawake wa familia mbili wameinamiana kama watu wanaotafuta sindano iliyoanguka, na mumewe akiongea, na watu wakitikisa vichwa. Ng'ombe na mbuzi walikuwa wameshakubaliwa. Walikuwa wamefika kwenye arusi, iwe Desemba au Aprili, na Susu alikuwa anasema Desemba, maana mtu wa umri wake hapangi mambo ya mbali.

Wanja aliweka birika mezani akarudi jikoni. "Pakueni," alisema. "Wamemaliza."

"Wamemaliza? Hata kitoweo hakijaiva."

"Basi kiivisheni haraka."

Chakula kilipoletwa, Zacharia aliwekewa sahani ya mukimo na nyama ya mbuzi, kipande cha heshima. Hakusikia harufu yake wala ladha yake; angeweza kuwa anakula karatasi. Alikula kidogo, akawaomba wageni radhi kwa mkono juu ya moyo, akaenda kujilaza chumbani na koti mwilini. Uani walikuwa wamewasha zile spika za Gachau, na Wakamba na Wakikuyu walikuwa wanafundishana kucheza.

Njambi aliingia na kikombe cha supu. Akaketi mwishoni mwa kitanda. Walipenga kamasi wote wawili kwa wakati mmoja, wakatazamana.

"Mashangazi wanasema umewaachilia rahisi," Njambi alisema.

"Niliwauliza mambo."

"Nimesikia. Nilikuwa nyuma ya dirisha, si mlikuwa mmelifungua." Alizungusha kikombe mikononi. "Ulitaka kuwahangaisha kwa nini?"

Zacharia alifikiri. Sauti ilikuwa karibu imekwisha kabisa, na labda ndiyo iliyomsaidia.

"Nilitaka wakawie," alisema. "Nilijua wakimaliza utaenda."

Njambi alimpa kikombe, akaushika mkono wake, ule mbaya, kwa sababu wote wawili walikuwa na mafua yaleyale na hapakuwa na la kuambukizana. Walikaa hivyo mpaka supu ikapoa. Kisha akamfunika blanketi, akamwambia alale, akatoka kwenda kucheza, lakini si kwa muda mrefu maana naye kichwa kilikuwa kizito.

Zacharia alilala hadi jioni. Homa haikuja, kifua hakikuuma. Katikati ya wiki iliyofuata pua ilifunguka, na asubuhi moja akasikia harufu ya kahawa, akaketi kitandani kuifurahia kabla hata ya kuinywa. Kikohozi kilimfuata wiki nyingine, kikimshika hasa anapocheka, kisha kikaenda chenyewe. Muthoka alipiga chafya siku chache tu. Kule Kiganjo, Susu Mbinya hakupata hata mkwaruzo wa koo, na Nduku alipiga simu mahsusi kusema hivyo. Zacharia aliipokea akiwa zizini, akaongea naye muda mrefu, ndoo ya maziwa ikiwa katikati ya miguu yake, wakipanga mambo ya Desemba.